Mbegu, miraba, wimbo au duka: njia nne za kumfundisha mtoto sifa za kuzidisha

Walimu wa darasa la pili hadi la nne, pamoja na wazazi wanaokaa na watoto jioni mbele ya daftari la hesabu, hukwama mahali pamoja. Mtoto ameshajua kujumlisha na kutoa. Sasa kuzidisha kumefika, na kila mtu ana ushauri wake. Mmoja anasema mwimbishe jedwali mpaka likae kichwani. Mwingine anasema mpe mbegu apange makundi. Wa tatu anachora miraba ubaoni, wa nne anasema hesabu hujifunzwa dukani. Njia zote nne zinatumika hapa Dodoma, mjini na vijijini, na kila moja inawasaidia baadhi ya watoto. Hapa nazilinganisha kwa jambo moja mahususi: zinamsaidiaje mtoto kuzielewa sifa za kuzidisha, mbali na kupata jibu la swali la leo.

Sifa zenyewe ni tano. Ya kwanza ni kugeuza nafasi: 3 × 7 na 7 × 3 zote zinatoa 21. Ya pili ni kupanga makundi upya: ukiwa na namba tatu za kuzidisha, unaweza kuanza na zozote mbili. (2 × 5) × 7 na 2 × (5 × 7) zote ni 70, ila ile ya kwanza ni nyepesi zaidi kichwani. Ya tatu ni kuvunja na kujumlisha: 7 × 8 ni 5 × 8 ukiongeza 2 × 8, yaani 40 na 16, jumla 56. Ya nne, namba yoyote mara 1 hubaki ilivyo. Ya tano, namba yoyote mara 0 ni 0.

Mtoto wa miaka minane hahitaji majina ya kitaalamu ya mambo haya. Anachohitaji ni kuyatumia bila woga, kwa sababu ndiyo yanayompunguzia mzigo. Jedwali la 1 hadi 10 lina maswali 100. Mtoto akikubali moyoni kwamba nafasi zikigeuzwa jibu halibadiliki, maswali yanashuka hadi 55. Ondoa ya mara 1, ambayo hayahitaji kukariri, yanabaki 45. Ondoa ya mara 10, yanabaki 36. Ondoa ya mara 2, ambayo ni kujumlisha namba na yenyewe, yanabaki 28. Ondoa ya mara 5, ambayo watoto wengi huyapata mapema kwa kuhesabu tano-tano, yanabaki 21. Na hayo 21 karibu yote yanavunjika: mara 6 ni mara 5 ukiongeza moja zaidi, mara 9 ni mara 10 ukitoa moja, mara 4 ni mara 2 iliyorudiwa. Kumwambia mtoto ameze 100 wakati yanayomsumbua kweli ni 21 ni kumtwisha mzigo usio wake.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa: je, mtoto anaiona sifa kwa macho yake au anaambiwa tu aiamini? Cha pili: je, mwalimu mmoja anaimudu njia hiyo katika darasa lililojaa? Cha tatu: vifaa vinapatikana bila kumwongezea mzazi gharama? Cha nne: je, inampa mtoto kasi? Cha tano: namba zikikua, njia inaendelea kumsaidia au inamwacha katikati ya safari?

Na njia ninazozilinganisha ni hizi. Mbegu: mtoto anapanga vitu halisi katika makundi, iwe mbegu za ubuyu, vizibo vya soda au kokoto. Miraba: anachora au kupanga vitu katika mistari na safu, hadi vinatengeneza umbo la mstatili. Wimbo: anakariri jedwali kwa kuimba na kurudia. Duka: anapewa tukio la maisha, la kununua, kugawa au kupanga, kisha anazidisha ili alitatue.

Jambo moja la kukubaliana kabla hamjaanza, njia yoyote mtakayochagua: 3 × 4 ni makundi 3 yenye vitu 4, au ni vitu 3 vilivyorudiwa mara 4? Yote mawili husikika, na jibu ni lilelile. Lakini mwalimu akisema hivi na mzazi akasema vile, mtoto huchanganyikiwa kwenye picha. Katika andiko hili nimechukua makundi 3 ya vitu 4.

Je, sifa inaonekana?

Tuanze na mbegu. Kwenye mara 1 na mara 0 hazina mpinzani. Weka vifuniko vinne mezani, kila kimoja na mbegu moja: 4 × 1. Sasa ondoa mbegu zote, acha vifuniko. Makundi manne yapo, mbegu hakuna: 4 × 0. Mtoto aliyekuwa anaandika 4 × 0 = 4 hujisahihisha mwenyewe kwa sababu anakiona kilichokosekana. Kosa hilo ni la kawaida sana, na hutokana na kuchanganya kuzidisha kwa 0 na kujumlisha 0.

Kwenye kugeuza nafasi, mbegu zina udhaifu ambao walimu wengi hawautaji. Makundi 3 ya mbegu 4 na makundi 4 ya mbegu 3 hayafanani hata kidogo yakiwa mezani. Mtoto akihesabu atapata 12 pande zote mbili, lakini hatajua kwa nini, na anaweza kudhani ni bahati ya namba hizo. Dawa ipo. Mwambie achukue mbegu moja kutoka kila kundi kati ya yale matatu. Amepata mbegu 3, azitengee kundi jipya. Achukue tena moja moja, azitenge. Baada ya kufanya hivyo mara nne, makundi 3 ya 4 yamekuwa makundi 4 ya 3, na hakuna mbegu iliyoongezeka wala kupotea. Hapo ameona sababu. Zoezi hili halichukui muda mrefu, na bila hilo njia ya mbegu inaliacha jambo muhimu zaidi gizani.

Kuvunja kunakwenda vizuri na mbegu: makundi 7 ya mbegu 8 yanasogezwa, 5 upande huu na 2 upande ule. Kwa kupanga makundi upya, kuna kifaa ambacho nyumba nyingi za Waswahili wanakijua na darasani hakitumiki inavyostahili, nacho ni bao. Bao lina mistari 4 yenye mashimo 8. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete 2. Muulize mtoto kete zote ni ngapi. Mmoja atahesabu mashimo kwanza, 4 × 8 ni 32, kisha mara 2, 64. Mwingine atahesabu kete za mstari mmoja, 8 × 2 ni 16, kisha mara 4, 64. Wote wako sahihi, na wanaweza kubishana kwa furaha nani amepata njia fupi. Kama hakuna ubao wa bao, mashimo yanachimbwa ardhini.

Miraba sasa. Hapa kugeuza nafasi kunakuwa jambo la kuzungusha daftari. Mstatili wa mistari 3 yenye miraba 7 ukiugeuza robo ya mzunguko, unakuwa mistari 7 yenye miraba 3. Karatasi ni ileile na miraba ni ileile. Trei ya mayai inafanya kazi hiyo bila kuchora: 5 kwa 6, mayai 30, izungushe, 6 kwa 5, bado 30. Kreti ya soda nayo ni 4 kwa 6, chupa 24. Mtoto wa Mpunguzi au Hombolo anayekwenda shambani na wazazi ameiona mizabibu ikiwa imepandwa kwa mistari. Ukisimama upande mmoja wa shamba unahesabu mistari, ukihamia upande mwingine unahesabu mashina ya kila mstari. Shamba halikubadilika, umebadili mahali pa kusimama.

Kwenye kuvunja, miraba inazishinda njia zote. Chora mstatili wa mistari 7 yenye miraba 8. Piga mstari mnene chini ya mstari wa tano. Juu una 5 × 8, chini una 2 × 8. Mtoto anaandika 40 ndani ya kipande cha juu, 16 ndani ya kipande cha chini, anajumlisha. Sasa muulize: je, ungeweza kuukata mahali pengine? Mwache akate. Atakayekata 4 na 3 atapata 32 na 24. Atakayekata 6 na 1 atapata 48 na 8. Wote 56. Darasa likiona mikato mitatu tofauti ubaoni inatoa jibu moja, sifa imeshafundishwa, na mwalimu hajasema sentensi hata moja ya kanuni. Sijui njia nyingine ya darasa la tatu inayoleta uelewa kwa haraka namna hiyo.

Miraba inachechemea mahali pawili. Mara 0 haichoreki. Mstari usio na mraba hata mmoja ni kitu kigumu kwa mtoto kukikubali. Na kupanga makundi upya kunahitaji kina, si urefu na upana tu, kwa hiyo karatasi haitoshi. Kreti 3 za soda zilizobebanishwa zinasaidia: 4 × 6 × 3, unaweza kuhesabu kreti moja kisha mara 3, au kuhesabu chupa za ubavu mmoja kuanzia juu hadi chini kisha kuingia ndani safu kwa safu.

Wimbo, kwa kigezo hiki, unaonekana dhaifu, na kwa kiasi ni kweli. Mtoto anayeimba jedwali la 3 Jumatatu na jedwali la 7 wiki tatu baadaye hakutani popote na ushahidi kwamba 3 × 7 na 7 × 3 ni ndugu. Lakini tusilisingizie jedwali makosa ya namna linavyofundishwa. Jedwali lililoandikwa kwa mraba wa 10 kwa 10, kama lile ambalo madaftari mengi huwa nalo kwenye jalada la nyuma, limebeba baadhi ya sifa hizi ndani yake. Likunje kwa kona, kuanzia 1 hadi 100, na namba zinazokutana ni zilezile: hiyo ni kugeuza nafasi. Chukua mstari wa 3 na mstari wa 4, jumlisha namba zilizo kwenye safu moja: 3 na 4 ni 7, 6 na 8 ni 14, 9 na 12 ni 21. Umepata mstari wa 7. Hiyo ni kuvunja na kujumlisha, na ilikuwa kwenye jalada muda wote. Mwalimu anayeimbisha halafu akawapa watoto dakika chache za kuwinda mambo haya kwenye jedwali anafundisha zaidi ya kukariri.

Duka lina tabia yake. Kuvunja na kujumlisha hujitokeza kwenyewe. Watoto 6 wananunua kila mmoja andazi la shilingi 200 na chai ya shilingi 300. Unaweza kusema kila mmoja analipa 500, mara 6 ni 3,000. Au maandazi 1,200 na chai 1,800, jumla 3,000. Muuzaji wa chai sokoni Majengo hufanya hivyo kila asubuhi bila kalamu. Kupanga makundi upya nako kupo: katoni 4, kila katoni pakiti 5, kila pakiti biskuti 6. Anayeanza na 4 × 5 anapata pakiti 20, kisha 120. Anayeanza na 5 × 6 anapata biskuti 30 za katoni moja, kisha 120.

Kugeuza nafasi ndiko kunakohitaji uangalifu dukani, na hapa pana somo zuri ambalo njia nyingine hazina. Chukua bahasha ya dawa kutoka zahanati. Imeandikwa 2 × 3, na kila mzazi anajua maana yake: vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Sasa mgonjwa akimeza vitatu, mara mbili kwa siku? Idadi ya siku nzima ni ileile, 6, lakini hajatumia dawa alivyoandikiwa. Mtoto anajifunza kwamba sifa inahusu jumla. Tukio lenyewe laweza kuwa tofauti kabisa. Bajaji 4 zenye abiria 3 na bajaji 3 zenye abiria 4 zote zinabeba watu 12, ila za pili zimezidisha abiria. Mtoto anayelielewa hili ameielewa sifa kwa undani kuliko anayejua kugeuza namba kwenye karatasi tu.

Darasa la watoto wengi

Wimbo ndio unaoongoza hapa. Watoto wote wanashiriki kwa wakati mmoja, hakuna kugawa wala kukusanya kitu. Na nchi ya Wagogo ina utajiri wa nyimbo na mapigo ya ngoma. Kuhesabu tatu-tatu kwa kupiga kofi kwenye kila pigo la tatu ni jambo ambalo mtoto wa Chamwino hahitaji kufundishwa mara mbili. Tatizo la wimbo ni kwamba sauti ya wengi humficha asiyejua. Anachezesha midomo, somo linakwisha. Mwalimu akiamua kuimbisha, aimbishe dawati kwa dawati pia, na aanzie katikati: badala ya kuanza na 6 × 1, aulize 6 × 7 papo hapo.

Mbegu ni ngumu zaidi. Kugawa, kuokota zilizodondoka, kutuliza kelele, vyote vinakula kipindi. Inawezekana kwa makundi ya watoto watano au sita, kila kundi na mfuko wake, kiongozi akihesabu kabla na baada. Na darasa likiwa dogo kuliko watoto, toka nje. Dodoma mvua zake huanguka zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote kivuli cha mti uwanjani ni chumba cha ziada, na ardhi yenyewe inachimbika mashimo na kuchoreka mistari.

Miraba iko katikati. Mwalimu anachora ubaoni, watoto wanachora kwenye madaftari, na akipita kati ya madawati anaona mara moja nani amekosea kwa kutazama umbo tu. Kusahihisha mstatili ni haraka kuliko kusahihisha maelezo.

Duka linategemea lugha kuliko njia nyingine. Mtoto ambaye bado anasoma kwa kuunga silabi atashindwa swali la maneno ingawa hesabu yake anaiweza, na tutamhukumu kimakosa. Vijijini ambako nyumbani huzungumzwa Kigogo au Kirangi, swali lisimuliwe kwa mdomo na kuigizwa kwanza, maandishi yafuate. Kwa mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza shida ni hiyohiyo kwa sura nyingine: mzazi amsimulie kwa Kiswahili nyumbani, na shule itampa maneno yake.

Vifaa na gharama

Hapa hakuna tofauti kubwa ya kumnyima mtu usingizi. Mbegu za ubuyu katika mkoa wenye mibuyu kila upande hazinunuliwi. Zioshwe na kukaushwa tu. Vizibo hupatikana kwenye kila duka la soda. Miraba inataka daftari la hesabu lenye miraba, au rula na penseli kwenye daftari la kawaida. Wimbo hautaki kitu. Duka la darasani hujengwa kwa makopo matupu na noti za karatasi walizokata watoto wenyewe. Angalizo moja: vizibo vina ncha kali na mbegu ndogo huingia puani, kwa hiyo watoto wa darasa la kwanza na la pili wasiachwe navyo bila mtu mzima.

Kasi

Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hausubiri mtoto apange mbegu. Kwa hiyo kasi ni hoja halali, na wazazi wanaoidai hawakosei. Wimbo hutoa kasi mapema kuliko njia zote. Lakini ni kasi yenye ufa: mtoto akisahau 7 × 8, hana pa kushika, inambidi arudi 7 × 1 na kupanda ngazi upya. Mwenzake aliyejifunza kuvunja anasema 5 × 8 ni 40, 2 × 8 ni 16, na anafika 56 hata kama hakuwahi kukariri jibu hilo. Anachelewa kidogo, ila hakwami.

Mbegu zikishikiliwa muda mrefu mno huwa mzigo. Utamkuta mtoto wa darasa la nne anachora vijiti 72 pembeni mwa karatasi ili apate 9 × 8, na katikati anapoteza hesabu. Zana imebaki wakati kazi yake ilikwisha. Miraba nayo ina hatari hiyo, japo ndogo, kwa sababu mtoto huacha kuchora miraba yote na kubaki na mstatili mtupu wenye namba pembeni. Hatua hiyo ni ya kuishangilia. Ndiyo inayompeleka kichwani. Duka hujenga kasi kwenye mamia na maelfu kwa sababu ya fedha, lakini si sana kwenye maswali kama 7 × 6, ambayo bei za dukani hazina.

Namba zikikua

Muulize mtoto 14 × 6. Mbegu zinafikia ukingoni. Hakuna anayetaka kuhesabu 84. Wimbo nao umekwisha, kwa kuwa wengi huishia 10 au 12. Na hapa ndipo kosa moja huibuka karibu kila darasa: mtoto anasema 10 × 6 ni 60, anaongeza 4, anapata 64. Amevunja 14 vizuri, amesahau kwamba 4 nayo inapaswa kuzidishwa kwa 6.

Miraba inalitibu kosa hili kwenye mzizi. Mstatili una mistari 14, umekatwa baada ya mstari wa 10. Kipande cha chini kina mistari 4, na kila mstari una miraba 6, si mmoja. Jibu ni 60 na 24, jumla 84. Ukienda 23 × 14, mstatili hukatwa vipande vinne: 20 × 10 ni 200, 20 × 4 ni 80, 3 × 10 ni 30, 3 × 4 ni 12. Jumla 322. Kuzidisha kwa kupanga namba wima, kule ambako watoto hukariri hatua bila kujua kwa nini mstari wa pili husogea kushoto, ni vipande hivi vinne vilivyoandikwa kwa kubana. Mtoto aliyekata mstatili darasa la tatu anaelewa kinachotokea.

Duka pia haliishii njiani. Madebe 14 ya alizeti kwa bei fulani ni swali la kweli Kongwa na Chemba, na mkulima hulivunja: kumi kwanza, manne baadaye.

Makosa ambayo njia yoyote inaweza kuyaleta

Mtoto akishapenda kugeuza nafasi ataigeuza na ya kutoa: ataandika 8 − 3 na 3 − 8 kuwa sawa, au 12 ÷ 4 na 4 ÷ 12. Usingoje afanye kosa. Siku ileile mnapofundisha kugeuza, waulize kama inafaa kwa kutoa, wajaribu kwa mbegu, waone wenyewe haiwezekani. Sifa inaeleweka vizuri mtoto akijua pia pale isipofanya kazi.

Kosa la pili ni letu watu wazima: kudai majina ya sifa kabla ya matumizi. Mtoto anayeweza kusema kanuni neno kwa neno na hawezi kukuambia 6 × 7 akijua 5 × 7 ni 35, hajafundishwa kuzidisha.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama mtoto ndiyo anaanza, darasa la pili, na hajajua kuzidisha ni nini, anza na mbegu. Usikimbilie jedwali. Kaa kwenye namba ndogo, hadi 5 × 5, hadi aweze kukuonyesha 4 × 0 bila kusita. Usisahau lile zoezi la kuchukua mbegu moja moja kutoka kila kundi.

Kama mtoto anajua maana ya kuzidisha lakini anaogopa jedwali, mpeleke kwenye miraba. Mwonyeshe jinsi 100 inavyokuwa 55, kisha 21. Paka rangi kwenye jedwali la jalada kila swali aliloliweza ili aone lililobaki. Watoto wenye hofu hupumua wanapoona kilichobaki ni kidogo.

Kama anaimba jedwali lote vizuri ila swali la katikati linamshinda, tatizo si kukariri zaidi. Mwache na wimbo wake, ni mali yake, lakini mpe kazi ya kuwinda: tafuta mistari miwili inayozaa mstari wa 8, tafuta jozi za namba zinazokutana ukikunja karatasi.

Kama una darasa kubwa na kipindi kifupi, gawanya wiki badala ya kugawanya kipindi. Siku mbili za miraba ubaoni na madaftarini, siku moja ya nje kwa mbegu au mashimo ya bao, na wimbo wa dakika tano mwanzoni mwa kila kipindi. Hadithi za duka ziwe kazi ya nyumbani, mzazi asimulie.

Kama wewe ni mzazi usiye na muda, una mtoto jikoni na kesho kazini mapema, duka linakutosha. Mtume akuhesabie mayai kwenye trei bila kuhesabu moja moja. Muulize nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, na umwambie akupe njia mbili za kufikia jibu.

Kama mtoto yuko darasa la nne na upimaji uko karibu, usianze upya na mbegu. Orodhesha yale maswali 21, mpime, tenga yanayomshinda. Kwa kila moja, mwache achague mkato wake kwenye mstatili mtupu, aandike namba pembeni, kisha arudie bila kuchora hadi jibu lije lenyewe. Maswali matatu kwa jioni moja yanatosha, na kila jioni muulize kwanza yale ya jana.